Tanuri la propani linawaka na kuzimika, nyumba haipati joto

Msomaji anauliza: "Fundi, salamu. Tanuri letu la kupasha nyumba joto linatumia propani kutoka kwenye tangi lililo nje. Miaka yote limefanya kazi bila shida. Tangu baridi ikaze, linaanza kunguruma kama kawaida, vichomeo vinawaka, halafu baada ya sekunde chache vinazimika. Linajaribu tena na tena, mwisho linanyamaza na feni inabaki ikipuliza hewa baridi. Gesi ipo, maana jiko la kupikia linawaka vizuri na geji ya tangi inasoma 15. Chujio la hewa nimeweka jipya. Jirani anasema bodi ya umeme imekufa, ninunue nyingine. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, bodi iache kwanza. Bodi iliyokufa haiwashi moto. Hiyo yako imepokea wito wa themostati, imezungusha feni ndogo ya kutoa moshi, imeridhika kwamba moshi una njia, imepasha kiwashio, imefungua vali ya gesi na moto umewaka. Kifaa kinachofanya hayo yote kwa mpangilio, kikashindwa, kikarudia tena kwa mpangilio uleule, hakijafa. Kinaweza kuwa na kasoro, lakini kiko mwisho wa foleni ya washukiwa, na kwa kawaida ndicho ghali kuliko wote walio mbele yake.

Moto unaowaka kisha ukazimika baada ya sekunde chache una maelezo makubwa mawili. Ama moto ni mzima lakini tanuri haliuoni, hivyo linafunga gesi kujilinda. Ama moto wenyewe una njaa ya gesi. Dalili ulizoandika zinaweza kuangukia upande wowote. Ila ile sentensi yako kwamba gesi ipo kwa sababu jiko linawaka ndiyo inayowapoteza watu wengi wenye propani, nitaichambua kwa kirefu hapa chini.

Kabla ya kugusa chochote, nusa. Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo ikivuja haipandi juu. Inatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, hasa vyumba vya chini ya ardhi ambako matanuri mengi huwekwa. Inama unuse karibu na sakafu. Ukipata harufu ya yai bovu, usiwashe wala kuzima taa, usipige simu ukiwa ndani. Toa watu wote, funga vali ya tangi kama unaifikia bila hatari, kisha piga simu ukiwa mbali na nyumba. Hewa ikiwa na propani kiasi cha asilimia 2 tu tayari inaweza kulipuka. Vivyo hivyo kama king'ora cha kaboni monoksidi kimelia: tokeni nje, na tanuri lisiguswe na mtu asiye na vipimo.

Kama hakuna harufu, jambo la pili ni kutokimbilia swichi kuu. Najua kishawishi chake: unazima, unasubiri, unawasha, pengine tanuri linashika siku mbili zaidi. Lakini bodi nyingi za kisasa zina taa ndogo inayopepesa, na idadi ya mipepeso ndiyo inayokuambia tanuri limekwamia wapi. Itazame kupitia kidirisha kidogo kilicho kwenye mlango wa tanuri, uhesabu, halafu ulinganishe na jedwali lililobandikwa upande wa ndani wa mlango huohuo. Ukikata umeme kabla ya kusoma, kwenye bodi nyingine ushahidi unafutika. Usichukue maana ya mipepeso kutoka kwa tanuri la mtu mwingine. Kila mtengenezaji ana lugha yake. Ule ukimya unaosikia baada ya majaribio kadhaa ni bodi kujifungia kwa makusudi, mara nyingi baada ya kujaribu mara 3 au zaidi. Nyingi hujifungua zenyewe baada ya saa moja hivi na kuanza upya, ndiyo maana tanuri huonekana "limepona" usiku wa manane kisha asubuhi limelala tena. Na hewa baridi inayopulizwa si ajabu: bodi nyingi huendesha feni kubwa baada ya moto kupotea ili kutoa joto lolote lililobaki ndani.

Sasa ukae mbele ya tanuri litakapojaribu tena, utazame moto kupitia kile kidirisha. Usifungue mlango, na usibane swichi ya mlango kwa utepe wa gundi ili tanuri liendeshwe likiwa wazi. Ile swichi imewekwa kwa sababu.

Ukiona mwali wa bluu, uliosimama imara, umejaa vichomeo vyote mara moja, kisha ukakatika ghafla kana kwamba mtu amefunga bomba, na ikawa hivyo baada ya muda uleule kila mara, mshukiwa wako ni kihisi moto, ile fimbo inayoiambia bodi kwamba moto umewaka. Ukiona mwali mfupi, wa kusuasua, unaoyumba au kushika vichomeo viwili na kuacha cha tatu, kisha ukafifia wenyewe, mshukiwa ni gesi. Kuzimika ghafla ni kazi ya vali iliyoamrishwa kufunga. Kufifia ni kazi ya presha inayoshuka. Ukiyaona kwa macho yako, umekwisha kuokoa nusu ya muda wa fundi.

Kuna jaribio jingine linalotaka watu wawili, na kwa hali yako ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mmoja awashe kichomeo kimoja cha jiko la kupikia, moto wa wastani, auangalie. Mwingine akae kwenye tanuri na kupaza sauti pale vali ya gesi inapofunguka; utasikia mlio mdogo wa "tak" na mara moto unashika. Kama mwali wa jiko unanywea wakati huohuo, tatizo liko kwenye njia ambayo jiko na tanuri vinaitumia pamoja: tangi, regyuleta (kifaa kinachoshusha presha ya gesi) au bomba kuu. Kama mwali wa jiko hautikisiki na tanuri bado linawaka kwa unyonge, tatizo liko kwenye tawi la tanuri: vali ya mkono iliyofunguliwa nusu, bomba lililobanwa, au vali ya gesi ya tanuri lenyewe. Mpini wa vali ya mkono ukilala sambamba na bomba, imefunguka. Ukiwa umekata bomba kama msalaba, imefungwa. Unashangaa ni mara ngapi mtu aliyekuwa akipanga vitu karibu na tanuri ameusukuma kwa kiwiko.

Kwa nini jiko haliwezi kuwa shahidi wa gesi? Kichomeo kimoja cha jiko hutumia kilowati 2 au 3. Tanuri la nyumba ya kawaida hutumia kilowati 20 hadi 30. Yaani jiko linaomba sehemu moja ya kumi ya kile ambacho tanuri linadai kwa mkupuo mmoja. Lita moja ya propani hutoa takriban kilowati-saa 7, kwa hiyo tanuri la kilowati 25 linameza lita 3 na nusu hivi kila saa linapowaka. Regyuleta iliyochoka au iliyoziba barafu inaweza kulisha jiko bila kulalamika, ikashindwa kabisa pale tanuri linapofungua mdomo.

Halafu kuna baridi yenyewe. Ndani ya tangi propani ni kimiminika, na kinachokwenda kwenye tanuri ni mvuke unaopanda juu yake. Mvuke huo hausukumwi na pampu yoyote. Unajisukuma kwa presha inayotokana na joto la kimiminika. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, presha ndani ya tangi ni zaidi ya bar 7. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inabaki bar 1 na kitu. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri imeshuka mpaka karibu bar 0.7, na propani ikifika nyuzi 42 chini ya sifuri inaacha kuchemka, presha inakuwa sifuri ingawa tangi lina kimiminika tele. Mifumo mingi ya Marekani Kaskazini ina regyuleta mbili: ya kwanza, kwenye tangi, hushusha presha hadi karibu bar 0.7, ya pili, ukutani mwa nyumba, huishusha hadi inchi 11 za maji, ambayo ni milibar 27 hivi. Linganisha hizo namba na zile za tangi kwenye baridi kali, utaona ile regyuleta ya kwanza inaweza kufikia mahali haina cha kushusha.

Na geji yako inasoma 15. Hiyo ni asilimia, wala si lita, na tangi lililojazwa sawasawa huishia 80 ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka. Kwa hiyo 15 bado ni gesi, lakini ni gesi kidogo kwa kazi kubwa. Kimiminika kikigeuka mvuke kinanyonya joto, na joto hilo linaingia kupitia ukuta wa tangi unaogusana na kimiminika. Tangi likiwa limejaa, sehemu hiyo ya ukuta ni pana. Likishuka hadi 15, ni ukanda mwembamba chini. Tanuri linawaka mfululizo kwa sababu ya baridi, kimiminika kinapoa kuliko hewa ya nje, presha inashuka, moto unafifia. Likipumzika saa moja, joto linarudi polepole na tanuri linawaka tena kwa muda. Kama ndivyo linavyofanya kwako, zuri asubuhi baada ya kupumzika na baya baada ya kufanya kazi, agiza gesi kabla ya kuagiza kipuri chochote. Nenda pia utazame tangi: jalidi iliyojichora upande wa chini mpaka kimo fulani inakuonyesha kimiminika kimefika wapi na kwamba kimepoa kuliko hewa inayokizunguka.

Usiwahi kulipasha tangi kwa moto, kwa bunduki ya joto wala kwa maji yanayochemka. Kuna watu wamelifunika blanketi wakidhani wanalisaidia. Blanketi huzuia hata lile joto kidogo la hewa ambalo tangi lilikuwa linalitegemea.

Ukiwa hukohuko nje, angalia regyuleta. Kila moja ina tundu dogo la kupumulia, ambalo linapaswa kuelekea chini. Theluji ikilifunika au maji yakigandia hapo, kiwambo cha ndani hakiwezi kucheza, na presha inaweza kushuka au, kibaya zaidi, kupanda. Pangusa theluji kwa brashi laini. Usipige barafu kwa nyundo, usimwage maji, maana yataganda palepale kwenye tundu. Kama regyuleta imefunikwa na barafu upande wote, au tundu limeziba na huwezi kuliona, hiyo si kazi yako. Ukikuta vali ya tangi haijafunguliwa mpaka mwisho, zungusha taratibu sana: ndani kuna vali ya usalama inayojifunga gesi ikitoka kwa kasi ya ghafla, na aliyefungua kwa pupa hubaki na tangi lililofunguliwa lisilotoa kitu. Dawa yake ni kufunga, kusubiri dakika chache, na kufungua upya polepole.

Tuseme jaribio la jiko limepita salama na mwali wa tanuri ni wa bluu, umesimama, unakatika ghafla. Basi njoo kwenye kihisi moto, na hapa unaweza kujisaidia mwenyewe.

Kihisi moto ni fimbo nyembamba ya chuma, imeshikwa na kauri nyeupe, ina waya mmoja na skrubu moja, ncha yake imezama ndani ya mwali wa kichomeo, kwa kawaida kile kilicho mbali na kiwashio. Mwali wa moto hupitisha umeme kidogo mno, mikroampia chache, na bodi inausoma huo kama ushahidi kwamba gesi inaungua. Fimbo ikifunikwa na tabaka la masizi au chembe zilizoungulia juu yake, umeme unapungua, bodi inadhani hakuna moto, inafunga gesi isijaze nyumba. Kwa maneno mengine, tanuri linaona giza mbele ya moto unaowaka. Vumbi la ukarabati, moshi wa vinyunyizio vya nywele na sabuni za kufulia zenye silikoni huharakisha uchafu huu, kama tanuri linavuta hewa yake kutoka ndani ya nyumba.

Zima umeme wa tanuri, na funga vali ya mkono ya gesi. Fungua mlango, chomoa waya wa kihisi, fungua skrubu, vuta fimbo nje kwa utulivu. Isugue kwa stilwuli laini mpaka ing'ae, uifute kwa kitambaa kikavu. Msasa mkali uuache. Unachora mistari ambayo uchafu mpya utaishika haraka zaidi. Chunguza kauri: ikiwa na ufa hata mwembamba, umeme unavuja kwenda kwenye mwili wa chuma wa tanuri na kusugua hakutasaidia, nunua kihisi kipya cha modeli hiyohiyo. Ukiwa humo ndani usishike kiwashio kwa vidole. Vile vya zamani vya silikoni kabaidi ni dhaifu kama chaki, na mafuta ya ngozi huvipasua vikipata joto. Rudisha kila kitu, fungua gesi polepole, washa umeme, ufunge mlango.

Kama fimbo inang'aa na moto bado unakatika, angalia waya wa ardhi. Ule umeme mdogo unarudi kwenye bodi kupitia vichomeo na mwili wa tanuri, kwa hiyo skrubu ya ardhi iliyolegea au kutu chini ya vichomeo huukata. Waya za umeme wa ukutani zilizopishanishwa, wa moto ukaingia mahali pa nyutro, nazo huwapumbaza baadhi ya bodi, lakini tanuri lako limefanya kazi miaka yote kwa hiyo hilo lingekuwa na maana tu kama kuna mtu amegusa nyaya hivi karibuni.

Mengine nayapitia haraka. Kama tanuri lako ni la aina inayotoa moshi kwa bomba la plastiki, hutengeneza maji moshi wake unapopoa, na maji hayo yana mrija wake wa kutokea. Mrija ukiganda au mtego wa maji ukiziba, swichi ya presha, ile inayohakikisha moshi una njia, hukatika, wakati mwingine sekunde chache tu baada ya moto kuwaka, na ukidhani ni kihisi utasugua bure. Mipepeso ya taa itakutofautishia. Toka nje uhakikishe mabomba yote mawili, la kuvuta hewa na la kutoa moshi, hayajazibwa na theluji, majani au kiota. Chujio umebadilisha, vizuri, ila chujio chafu huleta dalili tofauti: moto huwaka dakika kadhaa, tanuri linapata joto kupita kiasi, swichi ya kikomo inakata moto na feni inaendelea. Sekunde chache hazitoshi kufika huko. Na kama kwenye themostati feni imewekwa kwenye hali ya kuwaka muda wote badala ya kujiendesha, itakupulizia hewa baridi hata tanuri likiwa zima kabisa kwa afya.

Kuna mahali nakuomba usimame. Ukiona mwali wa manjano mrefu, masizi kwenye kuta za vichomeo, moto unaochungulia nje ya mahali pake, au swichi ndogo yenye kitufe cha kubonyeza iliyoruka karibu na vichomeo, zima tanuri. Swichi ile inaruka moto unapotoka nje ya njia yake, na kuirudisha bila kujua sababu ni kuondoa kinga. Propani inayoungua vibaya hutengeneza kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Vilevile skrubu ya kurekebisha presha kwenye vali ya gesi usiiguse bila manomita, yaani kipimo cha presha ya gesi. Mwali mdogo hautibiwi kwa kuzungusha skrubu mpaka upendeze macho, maana gesi mpya ikiingia tangini na presha ikarudi, moto utakuwa mkubwa kuliko tanuri linavyoweza kuubeba.

Kazi ya fundi ukimwita itakuwa fupi kama utamwambia uliyoyaona: idadi ya mipepeso, mwali ulikatika au ulififia, mwali wa jiko ulinywea au la, geji inasoma ngapi na nje kuna baridi kiasi gani. Mwombe apime presha mara mbili, tanuri likiwa limezima na likiwa linawaka, ikiwezekana jiko nalo likiwa wazi. Kipimo cha tanuri likiwa limezima, peke yake, hakitoshi kukuambia kama regyuleta yako ni nzima. Karibu regyuleta yoyote hupendeza isipofanya kazi. Kwenye tanuri la propani la mtindo wa Marekani Kaskazini, presha inayoingia kwenye vali inatakiwa kubaki karibu na inchi 11 za maji moto ukiwaka, na inayotoka kwenda vichomeoni karibu na inchi 10. Namba kamili ziko kwenye kibandiko cha tanuri. Kama ya kuingia inaporomoka, tatizo ni nje. Kama ya kuingia imesimama na ya kutoka ni ndogo, ni vali. Kama zote zimesimama na moto bado unakatika, apime mikroampia za kihisi: bodi nyingi hufurahia 1 hadi 6. Kihisi kikitoa usomaji mzuri na bodi ikafunga gesi hata hivyo, hapo ndipo jirani yako anakuwa na hoja.

Na wakati unasubiri gari la gesi, usiliache tangi lifike sifuri. Likikauka, hewa inaweza kuingia kwenye mfumo, na sheria za mahali pengi zinataka mabomba yapimwe uvujaji kabla ya kitu chochote kuwashwa tena. Punguza themostati, funga milango ya vyumba visivyotumika, lipe tanuri mapumziko kati ya jaribio na jaribio. Jiko la kupikia lisiwe kipasha joto cha nyumba hata kwa usiku mmoja.